Vitunguu vya Kambwa ka Madamu

Kambwa kamepona, basi mucheke mukipenda. Mimi sioni haya.

Mimi ni mupishi wa Madamu, bibi wa Kizungu hapa Kasongo. Kambwa kake, mbwa wake mudogo, kanabebwa mikononi kama mutoto. Alipoenda Kabambare na bwana yake akaniagiza: "Sefu, ukape wali na nyama ya kuchemsha. Vitunguu hapana, vinakaumiza."

Nikasema moyoni, huo ni uchoyo. Kwetu Waislamu wa hapa, mutu akikuachia mugeni wake ukamupa muchuzi bila vitunguu, umemutukana. Kila siku nikakaanga vitunguu tele. Kambwa kakalamba sahani.

Madamu aliporudi alikakuta kamelegea, kanakojoa mukojo mwekundu. Nikaapa kwamba kalikula wali na nyama tu.

Akakalaza kwenye mukeka jikoni, akikabembeleza, nami nikaanza kupika chakula cha Madamu. Nikakata kitunguu. Kale kagonjwa kakainua kichwa, kakajikokota mpaka kwangu, kakasimama kwa miguu miwili mbele ya kisu, ulimi inje.

Madamu akaniangalia. "Sefu, nani amekazoeza?"

"Ni mimi, Madamu. Na muone mwenyewe, kanaomba kingine."