Wimbo Uliopigwa Mbio

Vidole hakuzaliwa na hasira. Ujanani alikuwa mcheshi, kijana aliyekiokota kinanda cha umeme kilichotupwa stoo ya shule, akakichomea waya mpaka kikaanza kukoroma kama mzee mwenye mafua. Alijifundisha mwenyewe. Bendi moja ya mjini ikamsikia, ikamchukua, na haikupita muda watu wakawa wanajaza ukumbi kwa ajili ya vidole vyake.

Kisha homa ikamchukua binti yake, mtoto pekee aliyempata na mkewe, hata shule hajaanza.

Baada ya mazishi, Vidole alitunga wimbo wa polepole usio na maneno. Alipoupiga mazoezini, kiongozi wa bendi alifumba macho mpaka mwisho.

"Mtamu, kaka. Ila unalala. Tuupige mbio."

"Haupigwi mbio huo. Ni wa mwanangu."

"Pole. Basi, tutaona."

Alichokuja kuona Vidole ni kwamba siku ya kurekodi, mpiga ngoma alianza kwa kasi, kiongozi akaimba maneno aliyoyatunga kimyakimya, ya kuwaambia akina dada wavue viatu wacheze. Vidole akainuka kitini. Wenzake wakamzunguka: studio imelipiwa, fundi anataka kufunga, na sisi tuna watoto wanaotaka kula. Hilo neno watoto ndilo lililomchoma. Akakaa, akakigonga kinanda kana kwamba anampiga mtu makofi.

Balaa ni kwamba watu waliipenda hasira ile. Wimbo ukavuma kila mahali, na kila alipoupiga kwa chuki zaidi ndivyo walivyozidi kumshangilia. Wanawake walicheza pekupeku huku viatu vikipepea hewani, na yeye pale juu jasho likimtiririka, meno ameyauma, akiwatazama kama wanaoruka juu ya kaburi. Alivumilia miaka. Akawa hasalimiki, hata chai ikipoa anagomba.

Katika harusi moja, aliupiga polepole, kama alivyoutunga. Watu wakasimama, viatu mkononi, wasijue la kufanya.

"Wee bwana wa kinanda," akapayuka mjomba wa bwana harusi, "umesinzia?"

Vidole alichomoa waya ukutani, akashuka. Kiongozi akamkimbilia mlangoni. "Umetuaibisha mbele za watu!"

"Na wewe umemchezea mwanangu miaka yote hii! Nenda kapige mwenyewe!"

Hakurudi tena. Akafungua kibanda cha kutengeneza redio. Wimbo ule ukitokea kwenye redio ya mteja, anazima. Mteja akiuliza, anafokewa. Wakamwona ana wazimu, ila wakaendelea kuja, maana kazi yake ilikuwa safi.

Mchana mmoja alirudi nyumbani kuchukua bisibisi aliyoisahau. Toka uani akausikia wimbo, sauti imefunguliwa yote. Jikoni akamkuta mkewe, kanga imekazwa kiunoni, mwiko mkononi, anacheza peke yake.

Damu ikampanda. "Hata wewe?"

Mkewe hakuzima. "Hata mimi."

"Mwanetu yuko ardhini, wewe unakata kiuno!"

"Ulikuwa wapi alipokuwa hai?" Naye sasa alikuwa amewaka. "Usiku ukumbini, mchana umelala. Wewe unamkumbuka kitandani, homa imemlaza. Mimi ndiye niliyeshinda naye! Yule mtoto hakukaa kitako, alikuwa anaruka toka asubuhi mpaka ananivunjia vikombe. Huo wako wa polepole ni wimbo wa ugonjwa. Huu ndio yeye."

Vidole aliichomoa redio kwa nguvu, waya ukabaki mkononi mwake.

"Haya, zima," mkewe akasema, akigeukia sufuria. "Ukitoka nitaimba kwa mdomo."

Siku kadhaa nyumba ile ilinuna. Kisha jioni moja akaja na redio nyingine, aliyoitengeneza kwa mkono wake, akaiweka juu ya kabati bila kumtazama mke. "Ile redio waya wake umekufa," akasema, akatoka.

Usimwone amelainika. Ukimuuliza leo atakwambia wameuharibu wimbo wake, na atakutajia aliyeuharibu kwa matusi. Ila wimbo ukilia mle jikoni, hafungui mdomo. Hukaa nje kwenye ngazi, uso ameukunja, akimsikiliza mkewe akigonga sakafu kwa nyayo, na haondoki mpaka uishe.