Siku Mama Alipaka Kiwanja cha Basketi

Juzi jirani yangu alipaka jiko yake udongo na mavi ya ngombe, na harufu ikapita mu dirisha, ikaingia mpaka mu sahani yangu ya sombe. Wajukuu wangu wakashika pua. "Koko, funga dirisha, inanuka!" Nikawaambia nyamazeni, watoto wa simenti. Kwangu ile harufu ni harufu ya kombe. Ni harufu ya wasichana wa mayo ya njano, zile nguo za kuchezea, na ya dada yangu Furaha akiruka juu kama mutu mwenye kusahau kwamba iko na uzito. Mukae, niwaelezee. Mimi sikusoma sana, niliachia ku mwaka wa tatu wa primaire, lakini macho yangu ilisoma mingi.

Ilikuwa wakati wa Zaïre, mu miaka ya sabini, mu kartie yetu ya Mbunya hapa Bunia. Nilikuwa mutoto mwenye meno ya mbele imetoka. Baba yetu alikufa mbele nimujue, na mama alikuwa anatulisha na mandro, ile pombe yetu ya mahindi yenye kushibisha kama chakula. Mwenye kunywa ya kwake hakuwa anaenda tena kwa mwingine. Kidole chake cha mwisho cha mukono wa kuume kilikauka, kikasimama pembeni, juu chungu ya moto ilimuunguza akiwa musichana. Tulikuwa tunakichekelea, naye anatupiga nacho ku kichwa. Kilikuwa kinauma kupita fimbo.

Furaha ndiye alikuwa wa kwanza kuzaliwa. Alikuwa murefu, mutu wa miguu tu, sura ya mutu asiyependa kushindwa hata ku kula. Alisomea ualimu ku institut, ile shule kubwa ya mwisho wa barabara yetu, na alikuwa analala kulekule. Alikuwa kapiteni wa timu ya wasichana ya basketi. Watu waliita ile timu Nyuki, juu ya mayo yao ya njano yenye kushonwa na mapazia ya zamani. Ule mwaka Nyuki walipiga kila mutu. Walipiga Irumu, walipiga Mahagi, walipiga wale wa Aru wenye walikuja na ngoma yao na kurudi nayo kimya. Ku soko wamama wenye hawakujua basketi ni kitu gani walikuwa wanabishana juu yake huku wanapima mihogo.

Kila juma mama alikuwa anabeba kikapu cha chakula mpaka ku mulango wa institut, mimi nyuma yake. Ule mulango hakuupita hata mara moja. Furaha alikuwa anatoka mbio, anapokea, anasema "aksanti" na sauti ya chini, anarudi mbio. Siku moja rafiki yake alimufuata mpaka pale, akamuuliza, na mimi nikasikia vizuri: "Ule ni nani?"

Furaha akajibu: "Ni mama moja wa kartie, anauzaka mandro."

Mimi nikajaa majivuno! Niliona sifa ya mandro yetu imefika mpaka kwa wasomi. Nikaangalia mama, nione kama naye anafurahi. Alikuwa anatengeneza kitambaa chake ku kichwa, na kilikuwa kimefungwa vizuri tangu ku nyumba.

Basi Nyuki wakafika ku mechi ya mwisho, ya kombe, na wageni walikuwa wasichana wa Kisangani. Walikuja na lori, wakapita Epulu na ile pori yote, wakashuka na mayo ya bluu na viatu vyeupe, kila mutu viatu vyake. Kwetu viatu vilikuwa vinabadilishana miguu: mwenye kuingia ku mechi anavaa, mwenye kutoka anavua. Mechi iliwekwa siku ya mungu, misa ikiisha, mu kiwanja cha institut. Simenti hakukuwa. Ilikuwa udongo mutupu, umepasuka na jua, na vumbi yake ilikuwa inaingia mpaka mu masikio.

Siku ya posho, yaani jumamosi, ilikuwa salongo, ile kazi ya wote yenye serikali ilikuwa inalazimisha. Chef wa kartie akatuma wamama wa barabara yetu kufagia pale, wakati wachezaji walikuwa wamefungiwa mu dortoir, nyumba yao ya kulala, wapumzike. Ndiyo mara ya kwanza mama aliingia mu institut. Alisimama katikati ya kile kiwanja, mikono ku kiuno, akaangalia zile nyufa.

"Wageni wanatoka Kisangani," akasema, "na siye tunawapokea mu hii vumbi? Kwenu munafanyaka hivyo?"

Na kweli, kwetu hawafanyake hivyo. Kwetu mugeni akikuja, unapaka pale chini mu nyumba. Wamama wakaenda kwa wachungaji wa ngombe, wakarudi na mabakuli ya mavi. Siye watoto tukachota maji na kukanyaga udongo mpaka magoti. Kisha wakapiga magoti wote, wakaanza kupaka kiwanja kizima, kutoka pete ya chuma ya huku mpaka pete ya chuma ya kule, na kila mama akaacha nakshi ya mukono wake, nusu duara, nusu duara, kama magamba ya samaki. Jioni ilikuwa nzuri mpaka nikaogopa kuikanyaga. Mistari ya chokaa ilipotea chini ya udongo, ndiyo, lakini nani alijua mistari ni ya nini?

Sasa mvua. Haikuwa mvua kubwa, ni ile ndogo ya kunung'unika, mpaka asubuhi. Misa ikiisha, tulipofika, kiwanja kilikuwa laini kama bugali ya mugonjwa.

Kocha wetu alishika kichwa. Wasichana wa Kisangani walishika pua, na mumoja wao akauliza kama hapa Bunia basketi inachezewa mu kibanda cha ngombe. Watu wao wakacheka, na wa kwetu wengine pia, ndiyo yenye iliniuma. Kocha wao akaenda kwa arbitri, ule wa kupiga filimbi, muzee moja wa suruali yenye kupigwa pasi, akamuambia: "Kiwanja hakuna. Utupatie kombe, tupande lori." Arbitri akaingiza kiatu chake, kiatu kikabaki. Akasema anangojea mpaka watu wa katekisimu watoke, na kama kiwanja haijakauka, kombe ni ya wageni.

"Nani alifanya huu uchafu?" kocha wetu akalia. "Nani?"

Mumoja wa Nyuki, ule rafiki wa siku ile ku mulango, akasema: "Ni wale wamama wauza pombe. Wanajua nini?"

Wamama wakarudi nyuma, wakajificha mumoja mu mugongo ya mwingine. Mama alinishika mukono, na mukono wake ilikuwa na jasho. Nilifikiri anaogopa kocha. Nikamuambia polepole, "Mama, ule mutu ni mufupi, tutamuweza." Hakunisikia. Alikuwa anaangalia Furaha.

Furaha alikuwa anaangalia chini. Alitembea mpaka pembeni ya kiwanja, akachutama. Pale nakshi ilikuwa na vidole vine tu, juu cha tano hakikuwa kinagusa udongo. Akaweka mukono wake ndani ya ile alama ya mukono, akaukaza. Kisha akasimama, murefu vile, mukono ikitona matope, akasema na sauti yenye ilifika mpaka kwa wale wa juu ya miti:

"Ni mama yangu. Alipaka juu wageni wanakuja. Mwenye iko na neno, aniambie mimi."

Na Furaha akageuka upande wetu, akaita vile alikuwa anamuita mama ku nyumba, chungu ikimwagika: "Mama! Tulete majivu!"

Ee, ungeona wamama wa Mbunya siku ile! Walikimbia na vitenge mu meno. Kila jiko ya barabara yetu ilifagiliwa. Majivu ilikuja mu mabeseni, mu masufuria, mu kofia ya katekista, na wanamume wa abacost, ile suti ya wakubwa wa wakati ule, wakakanyagisha pamoja na siye watoto, tukiimba. Arbitri mwenyewe akachora mistari mupya na majivu nyeupe ya ndizi. Udongo ukashika.

Mechi yenyewe niwaambie nini? Mupira haukuwa unaruka, ulikuwa unakufa chini. Viatu vyeupe vya Kisangani viliteleza mpaka wakavivua, na Nyuki wakavua vyao pia. Nusu saa tu, hukujua tena nani ni njano na nani ni bluu, wote walikuwa rangi ya jiko. Wale wasichana walikuwa wanajua basketi, tusidanganye. Mpaka ku mwisho tulikuwa sawasawa. Furaha akapata mupira pale pembeni, pale pa vidole vine, akaruka. Mupira ukazunguka ku chuma, ukafikiria, ukaingia.

Ile jioni Furaha aliingia mu nyumba yetu na Nyuki wote, na wale wa Kisangani nyuma, na ule rafiki wake pia, macho chini. Kombe ikajazwa mandro, ikazunguka. Furaha alisimama ku mulango akiambia kila mwenye kuingia, hata jirani mwenye alitupokea tukizaliwa na kutulea: "Huyu ni mama yangu. Huyu ni mama yangu." Mimi nilisema mu roho, huyu naye, kombe imemuharibu kichwa.

Miaka ikapita. Mama alituacha mu miaka ya makumi munane, Furaha akiwa tayari direktrisi, mukubwa wa shule, mutu wa viatu vya kisigino na miwani. Alifika na gari, watu wa matanga wakaanza kumuletea kiti. Hakukaa. Alivua viatu, akafunga kitenge juu ya robe yake nzuri, akauliza: "Mavi ya ngombe iko wapi? Wageni wanakuja." Akapiga magoti, akapaka nyumba yote ya mama peke yake, na hakuna mwenye alithubutu kumusaidia.

Nilisimama ku mulango nikimuangalia. Nikaona kidole chake cha mwisho, kizima, hakina kovu, amekisimamisha pembeni, hakigusi chini. Vidole vine, nusu duara, vidole vine, nusu duara, mpaka ku ukuta.

Ndiyo pale nikajua kile mama alikuwa anaogopa siku ya mechi, na kwa nini, ile siku ku mulango wa institut, alitengeneza kitambaa chenye kilikuwa kimefungwa vizuri.