Nilivyotafsiri Sinema Nisiyoielewa

Hili sijawahi kulisema mbele ya watu, na hata sasa uso unaniwaka kwa aibu, kwa hivyo mkicheka, chekeni polepole.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa karani wa kupima kahawa kwenye shamba moja la Ruiru, na kwa vile nilivaa tai, watu waliamini najua Kizungu (nilijua cha kuandika majina na ratili, basi). Jumapili moja sinema ikaletwa ukumbini Thika, tena mchana, maana ilikuwa Hali ya Hatari na usiku hatukuruhusiwa kutoka, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, na mkalimani akawa mgonjwa. Wakauliza nani atatafsiri. Mbele yangu amekaa Mzee Karanja, baba yake Wanjiru, na Jumamosi iliyofuata wazee wetu walikuwa wampelekee pombe ya kuniombea huyo binti. Nikainua mkono. Laiti ungevunjika! Wakanipa kipaza sauti.

Sinema yenyewe ilikuwa ya bei rahisi, nyumba moja tu, mama wa Kizungu ndani yake anahangaika, anasikia nyayo darini, anazungumza na mumewe aliyekaa kitini ametupa mgongo, kofia kichwani. Yule mama alisema mbio, nikaambulia neno hapa na pale. Mume hakusema kitu, nami nikaona hiyo ndiyo nafasi yangu, nikamsemea kwa sauti nene: "Usiogope, mke wangu! Nitakujengea nyumba ya mabati, pombe sitagusa, na baba yako nitamheshimu mpaka kufa!" Mzee Karanja akaitikia kwa kichwa. Kina mama wakapiga vigelegele, basi nikanogewa, nikamfanya mume aahidi na mbuzi.

Kumbe mwisho unakuja. Askari wakaingia ile nyumba, mmoja akageuza kiti, na hapakuwa na mtu! Ni mto umevishwa koti, na kofia juu yake. Mume alikufa zamani, hata kaburi lilionyeshwa, na yule mama siku zote alikuwa akizungumza peke yake, akili zimemruka.

Kisha mama mmoja muuza viazi akapaza sauti: "Ngai, Mungu wangu! Kwani ni koti liliahidi mabati?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashuka chini ya viti. Mzee Karanja hakucheka. Alisimama, akanigeukia.

"Kijana, Kizungu unajua?"

"Kidogo, baba," nikasema, na kipaza sauti, ambacho nilisahau kukiweka chini, kikawatangazia wote.

"Basi Jumamosi wazee wenu wasijisumbue."

Nikatoka nimeinamisha kichwa, nikamkuta Wanjiru mlangoni, naye amesikia yote, macho yamemjaa machozi.

"Njoroge," akaniuliza, "na yale uliyokuwa ukiniambia mimi, nayo ulikuwa unatunga tu?"

Sikuwa nimetunga. Nilimpenda kweli, na maneno yale ndiyo pekee niliyowahi kuyasema nikiyajua maana yake, lakini siku hiyo, baada ya koti, ningeyarudia nani angeniamini? Nikatazama viatu vyangu mpaka akaondoka.

Tangu hapo nisipojua kitu nasema sijui, hata mbele ya watoto wangu. Wanjiru aliolewa huko Kalimoni, kijiji cha jirani, na mumewe, nasikia, ni mtu wa maneno machache sana.