Mpishi wa Keki na Kitufe cha Spoti

Mume wa mpishi wa keki aliuza mabomba na matangi ya maji katika duka la kaka yake, lakini tangu anunue gari la otomatiki alitembea kama mtu aliyeshuka kwenye ndege sasa hivi. Alijinunulia glavu zisizo na vidole. Wenzake dukani wakambandika jina la Rubani kwa kumcheka, naye akalipokea kama cheo.

Kilichomtia wazimu ni kitufe kimoja kando ya gia, kitufe cha spoti. Ukikibonyeza, gari linachelewa kupanda gia, injini inanguruma, na mguu ukigusa mafuta kidogo tu, gari linaruka. Kinamfaa mtu mwenye mlima au barabara ya wazi. Rubani alikuwa na foleni. Kutoka nyumbani hadi dukani ni taa, matuta na malori ya taka, na njia nzima alikwenda spoti, akinguruma tuta hadi tuta, kisha akifunga breki nyuma ya basi lile lile alilotoka nalo mtaani. Akipitwa na baiskeli, alisema barabara hizi hazijalifikia gari lake.

Mwanzoni mkewe alikuwa akimsimulia dada yake kwenye simu, wakacheka hadi machozi. Kicheko kilikatika Jumamosi moja, walipokuwa wanapeleka keki ya harusi.

Ilikuwa keki ya ghorofa tatu, na maua yake ya sukari alikuwa ameyafinyanga jani kwa jani. Mpishi alikaa kiti cha nyuma, amelikumbatia boksi kama anayembeba mgonjwa. Kabla hawajaondoka alimwomba kwa adabu zote.

"Baba watoto, leo twende taratibu. Kile kitufe usikiguse."

Rubani akaitikia. Walipofika kwenye taa za njia panda, ikasimama ubavuni pikapu kuukuu iliyojaa vitunguu. Dereva wake akageuza shingo, akamtazama Rubani kwa kukosa kingine cha kutazama. Hilo likatosha. Rubani aliona ameitwa mashindanoni, tena na vitunguu, na kidole kikaenda chenyewe. Taa ilipowaka kijani gari likaruka, boksi likamgonga mpishi kifuani. Hatua chache mbele mama mmoja alikuwa anavuka na mtungi wa gesi. Rubani akafunga breki, na ghorofa ya juu ikakaa juu ya ile ya kati kama mtu aliyechoka.

Akageuka kuangalia. Krimu ilikuwa imefika hadi kwenye mkanda wa kiti. Angesema pole, huenda yangeishia hapo.

"Hiyo keki haikushikana vizuri," alisema.

Mpishi alizitazama zile glavu, akamtazama kisogo, na kitu ndani yake kikapoa. Hata hasira aliona ni heshima ambayo mtu huyu hajaifikia.

Ukumbini alipita moja kwa moja jikoni, akamweleza mama wa bibi harusi ukweli bila kupindisha, kisha akakata kilichopona na kujenga keki ya ghorofa mbili. Yule mama alishukuru kwa mdomo, macho yakasema yake. Hakumwagiza tena keki.

Wiki iliyofuata mpishi alijiandikisha chuo cha udereva. Rubani alicheka sana mezani, akatangaza kuwa gari lake si la wanafunzi. Mkewe aliendelea kula. Leseni ilipotoka alichukua ufunguo, na tangu hapo keki zilifika zimesimama wima.

Baadaye walikwenda kumsalimia mama yake Rubani, anayekaa juu milimani. Mgongo wa Rubani ulikuwa umekaza kwa kubeba tangi, hivyo mkewe ndiye aliyeshika usukani. Kwenye mwinuko mrefu wakakwama nyuma ya lori la saruji linalotambaa. Mpishi alingoja hadi barabara ikafunguka, akaona mbali. Akabonyeza kitufe, akakanyaga mafuta, gari likavuta bila kusitasita, wakalipita lori. Aliporudi upande wake akakizima.

"Si nilikuambia?" Rubani alisema, uso umechanua. "Umeonja raha yake."

"Mimi nimekitumia," alijibu mkewe. "Wewe huwa unakichezea."

Kilomita chache mbele Rubani akaanza kumfundisha jinsi ya kupita lori.

Walipofika, hata chai haijamiminwa, alikuwa amesimama katikati ya sebule akiwaonyesha ndugu zake kwa mikono jinsi alivyomwongoza mkewe mlimani, jinsi alivyomwambia 'Sasa!' naye akapita. Wifi mtu akatazama chini, akificha mdomo na kanga. Mama mkwe akamgeukia mpishi, akauliza kama ndivyo ilivyokuwa.

Mpishi alikuwa anakata keki aliyowaletea. Akachagua kipande kikubwa kuliko vyote, akakiweka kwenye sahani, akamsogezea mumewe.

"Mwache ale, mama," alisema.