Daktari wa Kwenye Simu

Felisita Ngeleja hajawahi kusomea udaktari. Ana cheti cha kuuza dawa, ana duka dogo mjini Bariadi, njia ya kwenda stendi, na ana koti jeupe alilonunua ili nguo zisichafuke. Koti ndilo lililomponza. Watu wa kwao Mwamapalala walimwona nalo siku moja wakaanza kumwita daktari. Mwanzoni alikataa, baadaye akacheka, mwishowe akaitika. Nani asiyependa heshima ya bure? Kwa miaka kumi na moja simu ziliingia: daktari, mtoto anatapika; daktari, mzee amevimba miguu. Akawa anatibu kwa simu huku akiwafungia wateja vidonge kwenye bahasha. Wengi walipona, maana wagonjwa wengi hupona hata ukiwaambia walale tu.

Mdogo wake Mboje hakupona.

Mboje alikuwa fundi pikipiki kule Rugezi, Ukerewe. Alipiga simu Jumanne asubuhi, mwaka juzi. Alikuwa na homa, na tumbo linamkata upande wa kulia, chini. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mngurumo mzito, Felisita akadhani amesimama karibu na mashine ya kusaga. Dukani foleni ilikuwa imefika mlangoni. "Hiyo ni malaria na uchovu," alimwambia. "Meza mseto, rudi nyumbani ukalale. Usihangaike." Mboje akajibu, "Haya, dada." Alhamisi akafariki.

Waliouleta mwili Mwamapalala walisema ni tumbo, basi, hakuna aliyechimba zaidi. Felisita alilia na wenzake, akapika na wenzake, na habari ya ile simu akaimeza. Hakumwambia mumewe, hakumwambia padri kwenye kitubio. Tangu hapo simu ikiita dukani, hushtuka kwanza ndipo apokee, na mara mbili amewahi kuitika, "Haya, Mboje," mteja mbele yake akabaki anamtazama.

Mwezi uliopita simu ilitoka kwa Mama Specioza, mwenye nyumba aliyempangisha Mboje. Alikuwa anahamia kwa bintiye, akataka ndugu waje wachukue begi la marehemu. Felisita angeweza kumtuma mtu yeyote. Alisema atakwenda mwenyewe, na sababu haikuwa begi. Alitaka kujua kama katika nyumba ile wanafahamu ni nani aliyemwambia Mboje akalale. Na kama wakimuuliza, alitaka kujua kama atakuwa na mdomo wa kujibu.

Siku ya safari aliamka na homa. Haikuwa kubwa: baridi mgongoni, viungo vinauma, mate machungu. Kupima ni dakika chache tu, lakini basi la Bunda lilikuwa linaondoka, naye akafanya vilevile wanavyofanya wateja wake anaowagombeza kila siku. Alimeza vidonge vinne vya mseto kwa maziwa, akatia vilivyobaki kwenye begi la mgongoni la binti yake, akapanda.

Abiria walifungua madirisha kwa joto, yeye akajifunga kitenge juu ya sweta. Viti viwili mbele yake alikaa mwanamume aliyevaa kofia ya soksi, na shingo ya mtu yule ilikuwa shingo ya Mboje, pamoja na lile kovu la jipu la utotoni. Felisita aliogopa, na aliona aibu kuogopa akiwa mtu mzima wa miaka arobaini na sita. Akajiambia ni homa. Akafumba macho, akafumbua, shingo bado ipo. Walipofika Lamadi yule mtu alisimama kushuka, akageuka: mzee mwenye ndevu, hana kovu lolote. Felisita hakupata nafuu. Alibaki anakitazama kile kiti kitupu mpaka Bunda.

Bunda akabadili basi, akapata linalovuka hadi Nansio. Alikula chapati moja kwa kujilazimisha, akaitapika kabla ya Kibara kwenye mfuko aliopewa na kondakta. Kisorya, penye kivuko cha kwenda Rugezi, abiria wote walishushwa, basi likapanda kivukoni polepole, nao wakafuata kwa miguu. Alipata nafasi pembeni kwenye chuma, kichwa kinamzunguka, maji ya ziwa yametulia. Kisha injini ya kivuko ikawashwa.

Aliufahamu ule mngurumo kabla kivuko hakijafika katikati. Miaka miwili umekuwa masikioni mwake. Haikuwa mashine ya kusaga. Mboje alikuwa amesimama hapa, juu ya chuma hiki, anavuka kuja kwake. Felisita alikaa chini, begi likiwa bado mgongoni, na mama mmoja akamuuliza kama anaogopa maji. Akatikisa kichwa.

Mama Specioza alimpokea saa tisa alasiri. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwembamba, hana maneno mengi. Alimwona anavyotetemeka, akamkalisha ndani, akamletea uji. Begi la Mboje lilikuwa limewekwa tayari ukutani.

"Wewe ndiye dada yake daktari?" aliuliza.

Felisita alikunywa uji kwanza. "Mimi ni dada yake."

"Nimetamani sana kukuona, mwanangu. Si kwa ubaya." Specioza alikaa mkekani. "Siku ile nilimsindikiza mwenyewe hadi kivukoni, avuke aje kwako akatibiwe. Alikuwa hawezi hata kunyooka. Tumeshapanda, akapiga simu, akaambiwa arudi akalale. Mimi nilimwambia twende tu. Akasema, dada yangu ni daktari, yeye anajua. Basi nikaona mimi ni nani. Nikamshushia begi kwa mikono hii." Aliitazama mikono yake. "Nataka uniambie kitu kimoja. Angevuka, ingekuwa vilevile?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Ingekuwa vilevile, mama, siku zake zilikuwa zimefika. Felisita ameshawapa wafiwa wengi jibu hilo. Lingemtua bibi huyu mzigo, na yeye angebaki daktari, arudi Bariadi salama.

"Mama," alisema, "mimi si daktari. Nauza dawa dukani. Sikumwona, sikumpima, nilikuwa na foleni. Tumbo la upande ule ni la kukimbizwa hospitali, na nilishafundishwa hivyo. Angevuka, huenda angepona. Wewe ulitaka kumpeleka. Mimi ndiye niliyemshusha."

Mama Specioza alimtazama. Kisha akavuta kanga usoni, akaanza kulia, kwanza chini kwa chini, halafu kwa sauti kabisa, akiita jina. Felisita alishuka kwenye kiti, akakaa naye mkekani, na kilio alichokuwa ameshindwa kukilia vizuri mbele ya ndugu zake kikamtoka. Jirani mmoja alisikia, akaja mbio hadi mlangoni na unga bado mikononi.

"Jamani, nani amefariki?"

"Mboje," alisema Mama Specioza. "Mboje amefariki."