Siku Wanafunzi Walipopima Kuni za Mama

Chuoni Morogoro nafundisha somo la nishati na misitu, na kila muhula nina kipindi kizima cha kuyasema vibaya mafiga. Naonyesha picha za mapafu, naonyesha milima iliyonyolewa miti, na wanafunzi wanatikisa vichwa. Mtu anayenijua angedhani mama yangu, kule Gare, ndiye mwanamke wa mwisho Usambara nzima kukutwa anapuliza kuni. Hata mimi nilidhani hivyo. Krismasi ya mwaka juzi nilimpelekea mtungi mkubwa wa gesi na jiko lake, nikavifunga jikoni kwake, nikawasha mbele yake azoee, na kesho yake asubuhi nikapanda gari. Kazini nilijisifu mpaka watu wakachoka.

Mama ni mjane, na watoto wake tumetawanyika. Miaka hii usharika umekuwa ukimpa mgeni mmoja kila baridi inapoingia. Ni wanafunzi wa Ulaya wanaokuja kusoma maendeleo endelevu na ikolojia ya misitu yetu, na badala ya hoteli wanalala kwenye nyumba za watu kwa wiki kadhaa. Mwenzangu aliyezoea kuwaongoza na kuwatafsiria aliugua mwaka huu, nikapangiwa mimi. Nilifurahi sana. Nilitaka profesa wao aone nilikotoka, na kusema kweli, nilitaka auone ule mtungi.

Zoezi lenyewe lilikuwa kupima kuni nyumba kwa nyumba. Tulipofika kwetu ukungu ulikuwa bado umelala juu ya kabichi, na moshi ulikuwa unapenya kwenye bati la jiko la nje. Nikajipa moyo kwamba labda anachemshia nguruwe chakula.

Aliyetufungulia mlango ni mgeni wa mama, binti mrefu aliyevaa ndala za mama zisizomtosha, visigino vikigusa chini. Akaniamkia shikamoo vizuri kabisa, halafu akageuka kumwamkia jirani aliyekuwa anapita, "Onga makeo," kwa Kishambaa. Wanangu mimi hiyo salamu hawaijui. Ndani, mama alikuwa kwenye kigoda, maharage yanatokota juu ya mafiga, macho mekundu, anakohoa kikohozi kile kile ninachokieleza darasani. Pale nilipouweka mtungi palikuwa na kapu la karoti.

Nilisikia joto likinipanda usoni. Wanafunzi wakalitundika fungu la kuni kwenye mzani, wakaandika uzito, wakauliza zinatoka wapi. Mama akajibu kwamba ni matawi makavu ya msituni, siku zinazoruhusiwa. Nikatafsiri. Kisha kijana mmoja akauliza kama ana njia nyingine yoyote ya kupikia.

Nikamgeuzia mama swali. Alinitazama kidogo tu.

"Sina," akasema.

Nikatafsiri hivyo hivyo. Wakamwonea huruma, ile huruma ya kuinamisha shingo pembeni, na profesa akanivuta kando akaniambia kwa upole kwamba wao wenyewe wangeweza kuchanga, wamnunulie mama yangu jiko la gesi. Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hasira ikichanganyika na aibu haingoji ushauri. Niliona mama ananifanya maskini mbele ya watu ninaowafundisha. Nilidhani anajifanya hana ili wageni wapate picha za kijijini wanazozitaka, usharika uendelee kumletea.

Nikaingia chumbani kwake bila hodi. Mtungi ulikuwa chini ya kitanda, umefunikwa kitenge. Nikaukokota mpaka uani, nikaubwaga mbele ya wote.

"Huu ni nini, mama?"

Nilimwuliza hivyo, mama yangu mzazi, mbele ya watoto wa watu. Hata sasa nikiisikia sauti ile nataka ardhi ipasuke. Alisimama mlangoni anajifuta mikono kwenye kanga, akautazama mtungi, hakunitazama mimi. Profesa akaomba nimwulize, kama hataona vibaya, kwa nini hautumii.

Nikamwuliza. Nilitegemea atanijibu kwa Kishambaa, tuyamalize sisi wawili. Alijibu kwa Kiswahili, tena kile cha polepole anachomsemesha mgeni wake.

"Nilitumia. Mgeni wangu wa kwanza nilimpikia kwa gesi. Chakula kikaiva mara moja, akala, akashukuru, akaingia chumbani na simu yake. Nikabaki na sufuria. Kesho yake vile vile. Nikarudisha kuni. Moto wa kuni unataka watu, mwanangu. Mmoja anachochea, mwingine anachambua mboga, maharage yenyewe hayaivi upesi, basi mnaongea. Huyu binti tunakaa hapa mpaka giza linaingia. Ananisimulia kwao." Akakohoa, akangoja kikohozi kipite. "Wewe uliniletea mtungi, nikashukuru. Lakini hata chai ya kwanza niliyoichemshia humo hukuingoja. Ulisema gari litakuacha."

Hakusema kwa ukali. Angekuwa mkali ningepata pa kushika.

Watu wote waligeuka kunitazama, kalamu tayari, wanangoja Kiingereza. Nilikuwa na maneno yote. Kutafsiri ndiyo kazi iliyonipeleka pale, na dakika chache nyuma nilikuwa nimemwumbua mama yangu kwa sababu ya neno moja lisilo la kweli.

"Anasema," nikawaambia, "anapenda ladha ya chakula cha kuni. Ni mila ya hapa."

Profesa akaitikia kwa kichwa, akasema hilo ni jambo muhimu sana, mila kuzuia nishati safi, na akawataka waliandike. Wakaandika. Mama hajui Kiingereza. Alitutazama kwa adabu kama mtu anayeamini ujumbe wake umefika.

Yule binti hakuandika. Alikuwa ananitazama mimi, uso umemwiva, na nikajua ameelewa lugha zote mbili. Sikuweza kumwangalia. Akafunga kalamu yake, akampita profesa, akarudi jikoni kukaa na mama.