Bahasha Kumi na Moja za Evodia

Pale Iguguno, ukirudi kutoka hospitali na mgonjwa wako, watu hawakuulizi daktari amesema nini. Wanakuuliza, "Mmepiga picha?" Ukijibu hapana, wanatazamana, na kesho yake kila mtu anajua kwamba mgonjwa wako hakutibiwa, amepewa panadoli tu akarudishwa.

Damari hakutaka kusemwa hivyo. Alilima alizeti kama wenzake, na kiangazi alifuma vitambaa vya makochi. Mtoto wake wa pekee, Evodia, alianza kupepesuka akiwa na miaka mitatu. Macho yake yalikuwa mekundu muda wote, na haikupita wiki hajaanguka. Wenye midomo yao walisema anaonjeshwa pombe ya mtama. Damari alimbeba mgongoni hadi penye eksirei, na daktari akisema hakuna haja ya picha, yeye habanduki kwenye benchi mpaka mtoto apigwe. Kwa miaka sita zilifika kumi na moja. Kila moja alirudi nayo katika bahasha yake ya kaki, akailaza chini ya godoro, na wageni wakija aliwaonyesha.

Evodia mwenyewe alipenda uzi. Mikono ilimtetemeka, lakini alishinda mkekani akiviringisha uzi wa mama yake kuwa bonge.

"Unakaza mno, mama," Damari alimwambia.

"Nikiulegeza unanikimbia," mtoto alijibu, wakacheka wote wawili.

Akiwa na miaka tisa, shingo yake ilivimba matezi. Huko Dodoma, katika hospitali kubwa, waliona ni saratani. Daktari Alphonce, kijana mpole, alimkalisha Damari, akaliona lile bonge kwenye kikapu chake na kuliomba.

"Mama Evodia, ndani ya kila chembe ya mwili kuna uzi mwembamba kuliko huu, ndio unaouelekeza mwili kazi zake. Kwingine umelegea, kwingine umekazwa kama hapa. Uzi huo hukatika kila siku, kwako na kwangu, na mwili huuunga. Ukikatika palipolegea, kazi ni nyepesi. Ukikatika huku ndani palipokazwa, lazima kwanza palegezwe, ndipo paungwe. Mwanao alizaliwa bila kile kinachotoa amri ya kulegeza. Kwa hiyo mikato ya ndani inabaki, inajazana, na chembe zinaharibika. Ndiyo maana alipepesuka, na ndiyo maana sasa ana saratani."

"Unakatwa na nini?"

"Vitu vingi. Hata mwili wenyewe ukifanya kazi zake. Na mionzi." Akasita. "Ya eksirei pia. Ndiyo maana hapa tunamwepusha nayo."

Damari alilitazama bonge mkononi mwa daktari.

"Nimempiga picha kumi na moja," alisema. "Madaktari wa kwetu walikataa. Mimi ndiye niliyelazimisha."

"Mionzi ya picha ni kidogo, mama. Watoto wengi wenye ugonjwa huu hupata saratani hata bila picha."

"Kwa hiyo si mimi?"

Daktari angeweza kudanganya, na nani angemlaumu? "Sidhani," alisema. "Lakini siwezi kukuapia."

Evodia alifariki mwezi wa nane, alizeti zikiwa zimeshavunwa. Damari alilia mpaka sauti ikakauka, lakini lile neno la daktari kuhusu mionzi hakumwambia mtu yeyote.

Siku ya kumaliza matanga, mama mkwe wake, Bibi Anastasia, aliingia chumbani akatoka na bahasha zote. Alizifungua mbele ya ukoo, akazielekeza kwenye jua moja baada ya nyingine. Goti, nyonga, kifua, kiganja kidogo chenye vidole vilivyotanuliwa. Zikapita mkono kwa mkono.

"Tazameni," alisema. "Kuna wanawake wanaficha mtoto mgonjwa ndani. Huyu mkwe wangu hakumficha. Mtoto huyu alitibiwa."

Wazee waliitikia. Mmoja alisimama akamshika Damari mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru kwa niaba ya ukoo mzima.

Damari alifungua mdomo. Aliona atasema, na kwamba akishasema atapumua.

"Mama," alimwita.

"Sema, mwanangu."

Picha ya kile kiganja ilikuwa bado juu, mwanga unapita katikati ya vidole.

"Zirudishe kwenye bahasha," alisema. "Jua litaziharibu."